Labda

Ni neno moja tu. Mama alilisema Jumamosi, saa tano na kitu asubuhi, tukiwa tumesimama kwenye ukumbi wa dansi wa kasri la Lord Egerton kule Njoro, karibu na Nakuru. Leo ni Ijumaa usiku na bado linanizunguka kichwani kama inzi aliyefungiwa ndani ya gari.

Wiki yenyewe haikukosa mambo. Barua ya uhamisho imefika (ndiyo, ile, itapata siku yake), mazungumzo ya mahari ya Elijah yamesogezwa tena hadi Desemba, na Baba Neema ameng'olewa lile jino lake hatimaye. Yote nimeyasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Kwenda kasri lilikuwa wazo langu. Mnaomjua Mama mnajua hapendi kutembezwa. Ukimpeleka mahali, jibu lake ni "nendeni, mimi nitawangoja garini", na kweli atawangoja, na mkirudi atakuwa amejua habari za askari wa getini, mkewe na ng'ombe wao. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Jumamosi tunampeleka Neema kuona kasri kabla likizo haijaisha, nilijiandaa kubembeleza. Hakubembelezwa. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya mlango wake, amevaa gauni la kanisa na leso mpya mabegani, mkoba magotini. Gauni la kanisa, Jumamosi! Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema, "Mama, umependeza," nikamfungulia mlango.

Bustani zilikuwa zimejaa maharusi. Nilihesabu watatu. Wapiga picha walikuwa wakipokezana zile ngazi za mbele, kila mmoja akitaka kuta za mawe zitokee nyuma ya shela kana kwamba bwana harusi ndiye mwenye jengo. Jambo hili hunichekesha kila nikienda. Mwenye nyumba hakuoa kamwe. Maurice Egerton, mlowezi Mwingereza, alikuwa Lord wa nne wa ukoo wake na ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alipofariki 1958 cheo kilikwisha, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kukirithi. Inasimuliwa kwamba kabla ya kasri alimjengea mchumba nyumba ya kawaida, binti akaitazama na kuuliza hiki ni kibanda cha kuku. Wengine husema kibanda cha mbwa. Inategemea nani anakusimulia. Ndipo akajenga hili dude la vyumba zaidi ya 50, kuanzia 1938 mpaka 1954, na vita vya dunia vikiwa katikati. Binti hakurudi. Mzee akapiga marufuku wanawake. Na leo watu wanakuja hapo siku ya wapendanao na maua mekundu.

Mama hakukanyaga nyasi. Neema na binamu zake walikuwa wakijiviringisha kwenye ule mteremko, watu wametandika mashuka kila mahali, lakini yeye alizunguka kwa kuambaa ukingo, hatua ndogondogo juu ya changarawe, akiushika ua kwa vidole kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Nikamwita aje tukate njia. Akasema, "Nyasi za wenyewe hizo." Nikamwambia wenyewe ni sisi sasa, tumelipa. Akatabasamu, akaendelea kuzunguka.

Tulipofika mlangoni akainama kuvua viatu. Nikamwambia si lazima, watu wote wanaingia na viatu. Akabaki ameinama hivyo kwa muda, mkono kwenye kisigino, halafu akainuka navyo.

Sasa, ukumbi. Kuta za mbao, kinanda kile kikubwa cha mabomba, na dari iliyo juu sana hata sauti yako inakurudia ikiwa imebadilika kidogo. Kijana aliyekuwa akitutembeza alikuwa mzuri kwelikweli, anajua kutulia pale panapohitaji kutulia. Akafika kwenye habari ya wanawake. Akasema hapa ndani, enzi za mwenyewe, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kutia mguu. Akawageukia wanawake wa kundi letu, akasema, kwa hiyo karibuni, mmekuja kulipiza. Watu wakacheka.

Mama akasema, "Mimi nilishaingia."

Hakusema kwa sauti kubwa. Kijana akageuka. Nakumbuka alivyogeuka, mwili mzima, uso umefunguka, kama mtu aliyeitwa na jina lake. Alikuwa anataka kusikia. Na kabla hajafungua mdomo mimi nikasema:

"Ah, Mama. Haiwezekani. Labda ilikuwa nyumba ya mzungu mwingine."

Akaniangalia. Halafu akaangalia chini, sakafuni, akakaa akiangalia huko. Akasema, "Labda."

Tukaenda chumba kinachofuata.

Basi. Ndiyo kisa kizima. Nimekiandika kwa mistari michache, lakini tangu Jumamosi nimekicheza upya mara ambazo siwezi kuzitaja bila aibu. Kwanza nilijitetea kwamba sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu asiaibike mbele ya watu iwapo amechanganya. Kisha nikajiuliza aibu hiyo ilikuwa ya nani. Kisha nikaanza kupima maneno moja moja. "Haiwezekani" ningelisamehe. Hata "mzungu mwingine" ningelisamehe, mashamba yao yalikuwa yamebanana huko. Ninachoshindwa kukimeza ni ile "Ah". Ni "Ah" ninayomwambia mwanafunzi wa kidato cha pili anapoandika kwamba Hali ya Hatari, ile ya wakoloni ya 1952, ilitangazwa 1963.

Na "labda" ni yangu. Mimi ndiye niliyempa, naye akanirudishia vilevile, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mama yangu si mtu wa labda. Kwake mvua inanyesha au hainyeshi.

Jumapili usiku nikafanya hesabu ambayo ningeifanya palepale ukumbini. Mama amezaliwa 1948. Egerton amekufa 1958. Hiyo ni miaka kumi mizima wakiwa wote wawili hai, na Babu alikuwa akifanya kazi katika bustani hiyohiyo. Jambo hilo silo siri, lipo hata kwenye mahubiri ya mazishi yake. Boi wa bustani, ndivyo walivyomwita, akiwa na watoto watano. Nimefundisha Historia miaka 19. Nawafundisha watoto kwamba ile shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton mwaka 1939 ilikuwa ya vijana wa kizungu wajifunze kulima, na kwamba chuo kikuu tunachokijua sisi kilitokana nayo. Naijua mpaka bustani ya kwao Uingereza! Jumatatu usingizi uliponikataa nilikuwa nasoma habari za Tatton Park, shamba la ukoo wao kule Cheshire, ambalo Egerton aliliachia shirika la National Trust alipokufa. Huko miaka ya 1790 mwanzoni walimwita mtaalamu wa bustani, Humphry Repton. Huyu alikuwa na mtindo wake: anamtengenezea tajiri kitabu chenye jalada jekundu, ndani kuna picha ya shamba lake lilivyo, na juu ya picha kimegandishwa kipande cha karatasi. Unakiinua kipande, unaona litakavyokuwa akishalirekebisha. Miti imesogea, maji yametokea penye tope, uzio umetoweka. Nilikaa na hilo mpaka saa nane usiku. Mwenye shamba anainua karatasi, anashusha, anainua tena. Watu wa majembe hawamo katika picha yoyote kati ya hizo mbili.

Naye binti wa mtu wa majembe alisimama mita moja kutoka kwangu, nikamwambia haiwezekani.

Nilimpigia simu Jumanne. Tukaongea habari za kuku. Jumatano nikampigia tena, tukaongea habari za kuku. Neno "samahani" nililifikisha hadi kwenye meno mara mbili, na mara zote mbili likageuka likawa swali kuhusu dawa ya kideri.

Sasa sikilizeni.

Neema alibaki kwa shosho wake, yaani Mama, tangu Jumamosi ile ile. Amerudi jana jioni na gunia dogo la maharagwe na kucha chafu. Nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, akaingia, akachukua kipande cha karoti, akasema kama mtu anayesema kuna mgao wa maji: "Mama, ulijua shosho aliwahi kuwa mvulana?"

Nilizima jiko.

Ilikuwa hivi, kama Neema alivyoisimulia, na amesimulia mara tatu kwa sababu nilimlazimisha. Chakula cha mchana cha Babu kilikuwa kikipelekwa na kaka yake Mama mkubwa, mjomba Yohana, marehemu. Mwaka 1956 Yohana akaugua matumbwitumbwi, mashavu kama maembe. Msichana hakuruhusiwa hata kusogea getini, na kipindi hicho Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, mtu haendi endi ovyo. Lakini Babu lazima ale. Basi nyanya yangu akamkalisha binti wa miaka minane kwenye kigoda, akamnyoa kipara, akamvisha kaptura ya Yohana na kuifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Akamwambia: ukiulizwa, wewe ni Yohana. Na usiulizwe.

Alikwenda siku nne. Babu ndiye aliyemfundisha kuambaa ukingo, kwa sababu alfajiri wafanyakazi walikuwa wakipita juu ya nyasi na fito ndefu za mianzi, wakipangusa umande, na mzee asingependa kuona nyayo. Ukitembea, unaacha alama, na alama ina mwenyewe.

Siku ya tatu ikanyesha mvua ya kupofusha. Mpishi akamvuta ndani kwa mlango wa jikoni, na kwa kuwa mtoto wa kiume haketi bure, akamtwisha kuni azipeleke mekoni kwa ukumbi mkubwa. Akaingia. Peke yake, peku, matope mpaka magotini. Neema anasema shosho alisimama pale mlangoni anaogopa kukanyaga kwa sababu sakafu ilikuwa kama maji, akadhani atazama. Halafu akachungulia.

"Akasema alimwona Yohana," Neema akaniambia. "Mle ndani ya sakafu. Anamwangalia."

Jamani. Ile Jumamosi alipoinamisha kichwa, mimi nilidhani ni shingo, ile shingo yake ya siku za baridi. Nikapanga hata kumnunulia ile dawa ya kuchua.

Nikamuuliza Neema wewe ulifanyaje mpaka akakwambia haya yote. Akanitazama kama anatafuta mtego. "Tulikuwa tunachambua maharagwe. Nikamuuliza aliingiaje."

Nikacheka mpaka vitunguu vikapoa. Sijui nilikuwa nacheka nini hasa: kipara, kaptura, mjomba Yohana na mashavu yake ambaye tulimzika akiwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake bila mtu kutuambia kwamba kuna mtu aliwahi kumtumia. Na yule bwana mwenye marufuku yake, na kasri lake la miaka 16 ya kujenga, ameketi ghorofani, na huku chini binti wa boi wake anajitazama kwenye sakafu yake. Wivu pia ulikuwepo, siwafichi. Miaka 44 mimi ni mtoto wa huyu mama. Neema kwake amekaa siku tano.

Nikampigia. Hata sikusalimia vizuri. Nikasema, "Mama, kumbe wewe ni Yohana."

Kimya. Nikasikia kuku. Halafu kicheko, kile chake cha puani ambacho sijakisikia tangu arubaini ya Baba.

"Huyo mtoto hana siri," akasema.

"Mama, ile Jumamosi..."

"Ilikuwa siku nzuri. Sakafu wameichakaza lakini." Akanyamaza kidogo. "Siku hizi haionyeshi mtu."

Nikamwambia twende tena, nitamtafuta yule kijana amsimulie mwenyewe. Akasema ataona. Kisha akaniuliza, "Na ile sauti ya gari mmeitengeneza? Ile ya tangu tupite Ngata?"

Nikamwambia tumetengeneza. Na ndivyo nilivyoamini. Fundi alisema ni bushi za mguu wa mbele kushoto, nikalipia bushi, akanionyesha zile za zamani zimepasuka kweli. Lakini leo mchana nikishuka mteremko wa kanisa imegonga tena mara mbili, ko-ko, na safari hii nina uhakika ni upande wa kulia. Jumatatu nahitaji hilo gari kwenda kuripoti kwenye shule mpya.