Siku Niliponakili Mashua ya Renoir

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, London, mawingu yametanda tangu alfajiri. Shangazi yangu, fundi wa kusafisha na kukarabati picha za rangi ya mafuta kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa amenipangia kazi moja tu: asubuhi twende kwenye jumba la picha la National Gallery tukatazame picha moja, mchana nikainakili. Nilidhani atanipeleka kwa Claude Monet, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19. Monet tulimpita. Akanisimamisha mbele ya La Yole ya Mfaransa mwenzake, Pierre-Auguste Renoir, picha ya mwaka 1875 yenye kimo cha sentimita 71 na upana wa sentimita 92.

Wanawake wawili wamekaa ndani ya mashua nyembamba ya makasia, juu ya mto Seine. Nyuma yao kuna tanga jeupe na nyumba nyeupe ukingoni, na kulia daraja la reli ambalo treni ndiyo kwanza inaliingia. Mashua ni ya rangi ya chungwa, maji ni ya buluu.

"Wanawake waache kwanza," shangazi alisema. "Tazama pale ubavu wa mashua unapokutana na maji."

Nilisogea hadi mlinzi akaanza kunikodolea macho. Kwa karibu, maji yale si maji. Ni migusomiguso ya brashi iliyolala, mingine buluu ya kobalti karibu ilivyotoka kwenye tyubu, mingine imetiwa nyeupe, na katikati yake vipande vya chungwa vya mng'ao wa mashua majini. Hakuna aliyevisugua vikaungana. Nilirudi nyuma hatua sita, na mto ukaanza kumeta. Nikasogea tena, ukazimika. Tulirudia hivyo mara nne au tano, na shangazi hakunihimiza.

Renoir hakutumia nyeusi katika picha hii, wala kahawia ya udongo. Wachunguzi wa jumba hilo walikuta nyeupe ya madini ya risasi pamoja na rangi saba tu: buluu ya kobalti, kijani ya viridiani, njano ya kromu, njano ya limau, chungwa ya kromu, vermilioni, yaani nyekundu kali, na nyekundu ya leki, rangi inayopenyeza mwanga. Nyingi kati ya hizo saba ni zao la maabara za karne ya 19. Hata tyubu ya bati yenye kifuniko, iliyomwezesha mchoraji kwenda mtoni na rangi mbichi begani, ilibuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi iliwekwa kwenye kibofu cha nguruwe. Ukishakitoboa, hakifungiki tena vizuri. Kwa hiyo mtu akisema wachoraji kama Renoir na Monet walikuwa na jicho tu, ajue pia walikuwa na duka zuri la rangi.

Tukiwa njiani kurudi, ndani ya basi, shangazi alinieleza kwa nini chungwa ile inawaka. Alianza na kanga.

"Ile kanga ya mama yako ya mji wa buluu na pindo la chungwa, ukiianika juani si unaona pindo linacheza machoni?"

"Linacheza, shangazi."

"Basi chungwa hiyohiyo itie kwenye pindo la kanga nyekundu uone kama itacheza."

Aliyelifanyia jambo hili utafiti ni Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi umefifia. Akaupima, akakuta uzi hauna kasoro. Kilichouharibu ni rangi za nyuzi zilizoukalia jirani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839. Buluu na chungwa zikikaa bega kwa bega, kila moja humzidishia mwenzake ukali, lakini zikichanganywa huuana. Sentensi hii niliielewa vizuri kabisa ndani ya basi. Saa mbili baadaye nilikosea mara tatu.

Shangazi alikuwa ameandaa ubao wa turubai wa sentimita 30 kwa 39, uwiano uleule wa picha yenyewe. Wiki moja kabla aliupaka msingi mweupe mara mbili, ndani ametia chembe ya rangi ya udongo wa njano ili weupe usiumize macho. Msingi huo si jambo dogo. Wachoraji wengi wa zamani walianzia kwenye msingi wa kahawia au mwekundu uliokolea, wakawa wanapanda kuelekea mwanga. Juu ya msingi mweupe, mwanga hupenya rangi nyembamba, hugonga chini na kurudi kwa mtazamaji. Pale ambapo brashi haikugusa, msingi wenyewe unafanya kazi ya rangi.

Kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, tuliweka kobalti urefu wa sentimita nne, nyeupe kiasi hichohicho, chungwa sentimita mbili, na zilizobaki kila moja ukubwa wa punje ya harage. Nyeupe ilikuwa ya titani, kwa sababu ya risasi ni sumu. Titani ina nguvu mno: humeza rangi nyingine, kwa hiyo unaanza na nusu ya kiasi unachodhani. Chungwa ya kromu nayo ina risasi, tukatumia ya kadimiamu. Tapentaini ilikuwa kijiko kimoja cha chai kwenye kifuniko cha chupa, ya kuchorea mistari ya kwanza tu. Mistari hiyo nilichora kwa brashi na kobalti nyepesi. Penseli hutoa vumbi la kijivu linalochafua buluu iliyo juu yake.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye ubavu wa mashua ulio kivulini. Nilikuwa na tyubu ya nyeusi mfukoni, nikaichanganya na chungwa. Ikawa rangi ya matope ya mtoni, na mashua nzima ikaonekana kuukuu. La pili lilikuwa maji: nilikoroga kobalti na nyeupe kwa kisu hadi zikawa kitu kimoja laini, nikaisambaza kama mtu anayepaka mlango. La tatu likaja lenyewe. Brashi yenye chungwa ilipita juu ya buluu mbichi, nikajaribu kusahihisha kwa kupitisha tena, na tena. Kufikia mara ya tatu palikuwa na kijivu.

Shangazi hakunilaumu. Alinieleza kinachotokea ndani ya rangi. Chungwa hunyonya sehemu ya buluu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Kobalti hunyonya sehemu ya chungwa. Ukizichanganya, kila moja inanyonya kile mwenzake alichokuwa akirudisha, na hakuna kitakacholifikia jicho isipokuwa giza. Zikikaa kando kando, kila moja inarudisha chake.

Akachukua kisu, akakwangua maji yote na ubavu wa mashua, kisha akafuta kwa kitambaa kilicholowa tapentaini mpaka msingi mweupe ukarudi. Ile nyeusi akaitia mfukoni mwake.

Tulianza upya na chungu nne za buluu, zikae mbali mbali kwenye paleti. Ya kwanza kobalti tupu. Ya pili kobalti mbili kwa nyeupe moja. Ya tatu nusu kwa nusu. Ya nne karibu yote nyeupe, na ncha ya viridiani. Brashi ni bapa, upana wa milimita nane. Unachota, unalaza mguso mmoja, unainua, unafuta brashi kwa kitambaa, ndipo unachota tena. Kufuta kunachosha, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi: mguso wa tano bila kufuta tayari umebeba uchafu wa minne iliyotangulia. Chini, karibu na mtazamaji, migusomiguso ni mirefu na myembamba, yenye nafasi kati yake. Kuelekea ukingo wa pili inafupishwa na kubanana, na jicho lenyewe linaelewa kwamba mto unakwenda mbali.

Kati ya chungwa na buluu aliniambia niache upenyo wa upana wa punje ya mchele, nisizigusanishe. Mng'ao wa mashua niliutia kwenye nafasi nilizoziacha wazi ndani ya maji, si juu ya buluu. Na kivuli cha ubavu tulikipata kwa chungwa yenye nyekundu ya leki, pamoja na kobalti kidogo sana, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kilikuwa kivuli, lakini bado ni cha mashua ileile.

Nguo nyeupe za wanawake zilinisumbua zaidi. Mkono ulitaka kijivu.

"Kanzu iliyoanikwa chini ya upenu, siku ya mbingu safi, ina rangi gani?" shangazi aliuliza.

Nikafikiri. "Ya buluu kidogo."

"Kwa sababu jua halifiki pale. Kinachoifikia ni anga."

Monet alilitumia jambo hilo mapema, katika La Pie, picha ya theluji na ndege mmoja juu ya lango, ya majira ya baridi ya 1868 na 1869, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Vivuli vya ua juu ya theluji ni vya buluu na zambarau. Waamuzi wa Saluni, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliikataa mwaka 1869.

Tulipopumzika kwa chai, alinionyesha kwenye simu picha ya Impression, soleil levant ya Monet, ya bandari ya Le Havre, mwaka 1872. Kisha akaondoa rangi zote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Jua likatoweka karibu kabisa. Jua lile la chungwa halina mwanga zaidi ya mawingu ya kijivu yanayolizunguka. Limetofautiana nayo kwa rangi peke yake, na ndiyo maana linaonekana kutetemeka. Sehemu ya ubongo inayopima mwanga na giza hailioni vizuri, inayopambanua rangi inaliona. Nililirudisha na kuliondoa jua lile mpaka chai ikapoa.

Kufikia saa kumi mwanga wa dirishani ulipungua, nikanyoosha mkono kuwasha taa. Akanizuia. Balbu ya njano huifanya buluu ionekane imechoka, unaiongeza, na asubuhi unakuta mto umekuwa wino. Tukaacha hapo, treni haijachorwa na daraja lina nguzo moja tu.

Jambo moja alilisema tukiosha brashi, nami nimelibeba tangu siku hiyo. Nyekundu za leki alizotumia Renoir hufa kwa mwanga. Katika picha ya Madame Léon Clapisson ya mwaka 1883, iliyoko katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, walipoondoa fremu walikuta ukanda mwembamba wa nyekundu kali pembezoni, uliokuwa umefichwa na mbao. Sehemu nyingine zote za usuli zilikuwa zimepauka na kuelekea buluu baridi. Vipimo vilionyesha ni nyekundu itokanayo na wadudu wa kochinili. Kwa hiyo kila ninapozitazama picha zake sasa huanza kwenye kingo, karibu na fremu.

Nilikibeba kibao changu nyumbani ndani ya boksi la piza, rangi ikiwa mbichi. Migusomiguso ya kobalti tupu ilikauka kwanza, kwa kuwa kobalti huharakisha mafuta kukauka. Chungwa ya kadimiamu ilibaki inanata kidoleni zaidi ya wiki nzima, na siku ya tisa niliweka treni.