Huyu Mgonjwa Huamka Mapema

Kitu kinanikera kwa riwaya na filamu zetu ni hiki: mwandishi akitaka tujue mtu ana depresheni, lazima amlaze kitandani, pazia zimefungwa, nywele timtim, machozi kila saa. Wako wa hivyo na wanaumia kweli, siwakatai. Lakini wale nawajua hapa Kisumu huamka saa kumi na moja, wanadandia matatu pale Kondele, wanafika kazini kabla ya bosi, na ukiangalia utakuta ndio wanashika pesa za chama.

Madaktari wa Marekani kwa kile kitabu chao cha magonjwa ya akili cha 2013, DSM-5, wanasema depresheni sugu ya mtu mzima ni ile imemkalia angalau miaka 2, siku nyingi kuliko zile yuko sawa. Miaka 2! Sasa hapo ndio waandishi huogopa, juu utaandikaje miaka 2 ya mtu ambaye hakuna kitu kinamtokea, anaenda kazi anarudi, so wanamtafutia mkasa haraka haraka, mpenzi anatoroka ama baba anakufa, ndio tuelewe mbona ana huzuni.

Riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) naiheshimu sana, na mwandishi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Tanzania, ziwa ni hili letu. Kazimoto, mhusika mkuu, amesoma, anaoa, anaongea na watu vizuri na ndani maisha hayamwingii kabisa. Lakini mwisho anajiua. Mimi natafuta stori ya yule anabaki, yule Jumatatu yuko kazini.

Nionyeshe mwalimu amerudi jioni, vitabu vya wanafunzi vyote amesahihisha, halafu anakaa kwa kitanda na viatu miguuni, anajua kuvua ni dakika moja tu na giza linaingia bado hajavua. Simu inaita, ni mamake. Anakohoa kwanza sauti isafike, halafu, "Mama! Habari ya nyumbani?" Wanaongea mvua, wanaongea mahindi, anacheka pale inafaa acheke, na akikata simu hata hakumbuki wamesema nini. Mama analala akijua mtoto wake yuko salama. Kwa hiyo hadithi msomaji awe peke yake anayejua, wengine wote waachwe hivyo hivyo.

Na tafadhali msimponye na harusi sura ya mwisho. Mkitaka apate nafuu mpelekeni kliniki, apange foleni, aombe ruhusa kazini kwa kusingizia malaria, apewe dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kumsaidia, na hizo wiki zote mziandike.