Rasimu ilikuwa imeshachapwa

Leo mdogo wangu ameingia na barua mkononi, uso unang'aa. Ameteuliwa katika baraza la vijana la kuishauri serikali ya jimbo. Nimemkumbatia na kumpongeza kwa dhati. Kisha nimejitenga kidogo, maana barua ile imenirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa na miaka 17 nilipoitwa kutoa maoni kuhusu sera ya elimu. Tulikuwa vijana tisa. Kwa wiki tatu tulizungumza na wenzetu walioacha shule, tukaandika sababu zao kwa maneno yao wenyewe. Siku ya kikao tukakuta sera iko mezani, imeshachapwa na kujalidiwa, dibaji imetiwa saini. Tukapewa dakika tano tusome yetu. Tukapigwa picha.

Siku ile sikukasirika, nilidhani ndivyo ushauri unavyotolewa. Uchungu ulikuja baadaye, wale wenzetu waliponiuliza, "Wamesemaje?" Sikuwa na la kuwajibu. Hakuna aliyetuambia chochote, na sikuthubutu kurudi kwao tena.

Miaka ikapita, nikakutana na ngazi ya ushiriki ya mtafiti Roger Hart, mchoro unaoonyesha watoto wanashirikishwa kwa kiasi gani, uliochapishwa na UNICEF mwaka 1992. Ngazi hiyo ina vipandio vinane, na vile vitatu vya chini yeye havihesabu kuwa ushiriki: watoto kutumiwa, kufanywa pambo, kuwekwa kwa jina tu. Nilijiona pale chini, nimevaa shati langu safi. Hata kipandio cha tano, cha kushauriwa tu, kinataka mtoa maoni aelezwe maoni yake yamefikia wapi. Nalo si ombi kubwa!

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao, katika ibara ya 12, hauishii kwenye haki ya kusema. Unataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ukishachapa sera, uzito huo utauweka wapi?

Ninapenda walivyofanya New South Wales, Australia: sheria ya mwaka 2014 inaweka baraza la vijana 12, wenye umri wa miaka 12 hadi 24. Baraza lisilo na sheria huishi kwa hisani ya waziri aliyepo. Akihamishwa, nalo limekwisha.

Husemwa kwamba vijana hawajui bajeti. Kweli, mimi sikuijua, na hakuna aliyekaa nasi kutufundisha. Lakini maofisa wale nao hawakujua kwa nini msichana wa miaka 15 anaacha shule, ilhali sisi tulikuwa na maneno yake kwenye daftari. Yeye mwenyewe hakuitwa. Tulioitwa tulikuwa wenye alama nzuri na ulimi mwepesi, na hilo bado linanisumbua kuliko ile picha.

Mdogo wangu nimemwomba mambo mawili: aulize rasimu imefikia hatua gani kabla hajasema neno, na aulize nani atawajibu kwa maandishi, lini. Amenisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Wale wenzenu walisema nini?"

Nimelitafuta lile daftari kabatini. Nimemwekea mezani kwake.