Kunukuliwa si kukubaliwa
Leo kwenye kikao cha kupandisha vyeo tumempima mwenzetu wa isimu kwa idadi ya mara ambazo watafiti wengine wamenukuu kazi zake, tukamlinganisha na mtafiti wa malaria. Imeniuma. Malaria ina watafiti wengi kila bara. Wanaoandika kuhusu fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lahaja za Kiswahili ni wachache, tena nukuu nyingi zimo vitabuni, ambako kanzidata zinazohesabu nukuu hazifiki vizuri.

Halafu nukuu yenyewe haisemi kazi ni nzuri. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji, ilifutwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2010, na bado inanukuliwa, mara nyingi na wanaoipinga. Hesabu inazijumlisha nukuu zote sawasawa, za kusifu na za kupinga. Nimeomba kikao kijacho tusome kwanza makala zenyewe.