Mti wangu si wa plastiki jamani!

Mnaoniuliza kama huu mti wa jamii ya minazi mbele ya nyumba yangu hapa Leeds, Uingereza, ni wa kweli: ni mzima kabisa. Unaitwa Trachycarpus fortunei, asili yake China, na ukishashika mizizi unavumilia baridi hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Majani yake yamefunguka kama upepeo, na shina limejaa nyuzinyuzi za kahawia. Theluji haiutishi. Kinachouumiza ni upepo, unaochanachana majani, na maji yanayotuama mizizini. Ndiyo maana nimeupanda kwenye kona ya ukuta, mwezi wa Mei, udongo nikauchanganya na kokoto. Unakua polepole mno, kivuli msahau kwanza.

Mama kauona kwa video: "Unazaa nini?" Nikamwambia hauzai cha kula. "Basi si ungepanda mchicha!"