Hawa Siyo Wale

Agosti 2009 nilipanda basi kwenda Voi nikiwa nimepakata santuri kama mtu aliyebeba trei ya mayai. *The Very Best of the Everly Brothers*, toleo la 1964, ya wale ndugu wawili waimbaji wa Marekani, Don na Phil Everly. Nilikuwa nimeinunua Nairobi kwa muuza santuri kuukuu. Jalada lilikuwa limelika pembeni, na aliyekuwa nayo zamani alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya bluu, kisha akalikata. Ila sahani yenyewe ilikuwa nyeusi ti, haina mkwaruzo.

Ilikuwa zawadi ya baba. Ujanani alikuwa na sahani ndogo ya "Bye Bye Love", ile ya 1957, na aliicheza hadi ikaanza kukoroma. Yeye alikuwa akishika sauti ya Don, ya chini. Baba mdogo akipanda na ya Phil, juu yake kidogo tu, na zote mbili zikaenda sambamba kama vyuma vya reli. Kazi ya reli ilipomhamisha baba kituo hadi kituo, sahani ikapotelea njiani.

Basi nikafuta vumbi kwenye gramafoni, nikashusha sindano kwenye "Bye Bye Love". Baba mdogo alikuwa ameingia na kikombe chake cha chai. Gitaa lilipoanza tu, akakiweka chini na kudaka sauti ya juu, macho kafumba, mzee wa miaka sitini na kitu. Nikamtazama baba nikimsubiri aingie na ya chini.

Hakuingia. Alikuwa amekunja mikono.

"Hawa siyo wale," akasema.

"Baba, si hawa hapa kwenye picha?"

"Picha ni yao. Wimbo siyo ule. Gitaa la ule lilikuwa linakupiga hapa," akajigonga kifua. "Hili limekaa mbali."

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. "Kaka, masikio yamezeeka hayo!" Mabishano yakaendelea nyimbo mbili nzima. Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa baba mdogo, na nilikuwa nimenuna kidogo. Santuri ile haikuwa ya bei ya nyanya. Ilipofika "Cathy's Clown", nikaona kidole cha baba kinagonga mkono wa kiti. "Huu ndio wenyewe," akasema. Ule wa kwanza ulibaki kuwa bandia. Nikajiambia mzee anachagua tu apendavyo.

Januari 2014 Phil alifariki, nami nikakaa usiku kucha nasoma habari zao. Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya nisimame. Vibao vyao vya kwanza walivirekodi wakiwa na kampuni ya Cadence. Mwaka 1960 wakahamia Warner Bros., lakini rekodi za zamani zilibaki mali ya Cadence. Kwa hiyo Warner walipotaka kukusanya vibao vyao kwenye sahani moja, iliwabidi wawarudishe studio waviimbe upya vile vya Cadence: ndugu wale wale, maneno yale yale, siku nyingine. Lakini "Cathy's Clown" waliurekodi chini ya Warner tangu mwanzo, 1960, kwa hiyo huo haukuguswa.

Yaani mzee, bila kusoma popote, kwa spika moja iliyopasuka, alikuwa amezitenga nyimbo za kampuni mbili kwa sikio tu. Na alikuwa hajausikia ule wa zamani kwa zaidi ya miaka arobaini!

Nikampigia asubuhi hiyo hiyo. Nikamweleza yote, Cadence, Warner, mikataba. Akanisikiliza kimya hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Mpigie na baba yako mdogo umwambie hivyo hivyo, pole pole, asije akasema hakusikia."

Nikadhani amekata, kumbe bado yupo.

"Na ile yenyewe," akasema, "utaniletea lini?"