Siku Moja Maishani Mwangu: Kubuni na Kutengeneza Rezista za Chuma

Saa 1:00 asubuhi

Ninabuni rezista za chuma na kusimamia utengenezaji wake, hasa shanti, yaani zile rezista pana zenye ukinzani mdogo mno ambazo hazikuwekwa kuuzuia mkondo wa umeme bali kuupima, kwa kusoma volti ndogo zinazodondoka juu yake. Leo nilianzia katika chumba cha vipimo, kama ilivyo desturi, kwa sababu mitambo ya humo huhitaji muda wa kupata joto na kutulia kabla ya kusomwa, na kwa sababu sipendi kusaini mchoro wowote kabla ya kujua kama vipimo vilivyoaminika jana bado ni vya kuaminika leo. Ndani ya tangi la mafuta linaloshikiliwa kwenye nyuzijoto 25 kuna rezista ya kulinganishia ya ohmi moja, iliyosukwa kwa waya wa manganini. Aloi hiyo ina shaba takriban asilimia 84, manganisi 12 na nikeli 4, na tumekuwa nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19, ilipovumbuliwa na Edward Weston. Ukinzani wa shaba tupu hupanda kwa takriban sehemu 3,900 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja, ilhali ule wa manganini, karibu na joto la chumba, hausogei hata sehemu 20. Tofauti hiyo ndiyo riziki yangu. Kupata ohmi si kazi, kwani kila waya unazo. Kazi ni kuzifanya zibaki zilezile chuma kikishapata moto.

Fundi wa zamu alikuwa ameshaisoma rezista hiyo na kuandika thamani yake daftarini. Haikuwa imesogea. Cheti chake kinatokana na cheti cha maabara ya juu zaidi, nacho kinatokana na kingine, hadi kufikia tukio la kwanta alilolibaini Klaus von Klitzing mwaka 1980, linalotoa ohmi 25,812.807 popote duniani linapofanyiwa jaribio.

Saa 2:15 asubuhi

Ombi lililokuwa likinisubiri lilitoka kwa mteja anayeunda mifumo ya kusimamia betri. Alitaka shanti ya miliohmi 0.5 itakayobeba ampea 200 mfululizo, ikiwa imefungwa kwenye vipande vya shaba ambavyo, kwa maelezo yake, vitafika nyuzijoto 70. Hesabu ya mwanzo ni ya kitabuni: ampea 200 mara miliohmi 0.5 ni milivolti 100, na joto linalozalishwa ni wati 20. Urefu nao haukuwa na taabu, kwa kuwa ukinzani mahsusi wa manganini, yaani ukinzani wa aloi yenyewe bila kujali umbo lake, ni takriban maikroohmi-mita 0.48, na hivyo ukanda wenye upana wa milimita 10 na unene wa milimita 2 ungehitaji urefu wa milimita 21 kasoro kidogo.

Tatizo liko katikati ya ukanda. Kwa kuwa joto hutoka hasa kupitia ncha mbili zilizounganishwa na shaba, katikati ndiko kunakopata moto zaidi, na hapo pana jambo ambalo wabunifu wengi wanaoanza hulipinga mpaka walifanyie hesabu wenyewe. Kama hakuna upepo wa kuupoza ubapa wa ukanda, tofauti ya joto kati ya katikati na ncha haitegemei urefu, wala upana, wala unene. Kwa aloi moja, inategemea volti peke yake. Chukua volti zinazodondoka kwenye ukanda, zizidishe kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa mara nane ya zao la ukinzani mahsusi na upitishaji joto wa aloi, na jibu litakuwa nyuzijoto. Kwa manganini, ambayo upitishaji joto wake ni takriban wati 22 kwa mita kwa nyuzijoto, milivolti 50 huleta ongezeko la nyuzijoto 30 hivi, na milivolti 100, zikiwa mara mbili ya hizo, huleta mara nne yake, yaani karibu 120. Ukiunenepesha ukanda ili upoe, itakubidi uurefushe pia ili ohmi zisipungue, na joto ulilolipanulia njia kwa unene utakuwa umeliongezea safari kwa urefu.

Ncha zikiwa kwenye nyuzijoto 70, katikati kungefika 190. Mimi sikubali manganini ivuke 140 kwa kazi ya mfululizo, kwa sababu juu ya hapo manganisi iliyo karibu na uso huanza kuliwa na oksijeni, na thamani ya rezista huhama isirudi tena. Ukanda mkubwa zaidi ungesaidia kidogo pale penye upepo, na ungestahimili vizuri zaidi mkondo mkali wa ghafla, lakini mteja alikuwa ameeleza kuwa kifaa chake kimefungwa pande zote. Kwa hiyo niliandika pembeni mwa mchoro: miliohmi 0.25, milivolti 50, wati 10, katikati nyuzijoto 100. Nilijua hatafurahi, kwa kuwa ishara ndogo itamlazimu kutafuta kikuza ishara kilicho bora zaidi. Hata hivyo ni afadhali agharimie kikuza ishara kuliko kununua shanti itakayompotosha baada ya mwaka.

Saa 3:40 asubuhi

Fundi kijana aliyejiunga nasi hivi karibuni alikuja na swali ambalo mimi hulipenda kila mara.

“Mhandisi, konstantani nayo haibadiliki na joto, na ukinzani wake mahsusi unakaribiana na wa manganini. Mbona kwenye shanti hatuitumii?”

Nilimwomba achukue ukanda wa konstantani, ambayo ni aloi ya shaba na nikeli, uliounganishwa na shaba ncha zote mbili, auunge kwenye kipimo cha maikrovolti bila kuupitishia mkondo wowote, kisha ashike ncha moja kwa vidole. Namba zilianza kupanda papo hapo. Konstantani na shaba zikikutana huzalisha takriban maikrovolti 40 kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya viungo viwili, na ndiyo maana jozi hiyohiyo hutumika kutengenezea vipimajoto. Kwenye shanti ya milivolti 50, tofauti ya nyuzijoto moja tu kati ya ncha mbili ni kosa la asilimia 0.08 mkondo ukiwa umejaa, jambo ambalo wengine wangelivumilia. Lakini mkondo ukishuka hadi mahali ambapo shanti inatoa milivolti 0.5, kosa hilohilo huwa asilimia 8, na ukikatika kabisa mfumo wa betri utaamini kuwa kuna umeme unaotoka ilhali hakuna. Manganini ikikutana na shaba huzalisha takriban maikrovolti moja au mbili tu. Konstantani ina mahali pake kwenye rezista za ohmi nyingi, ambako maikrovolti chache hazionekani.

Saa 4:30 asubuhi

Kwenye karakana ya kuchomelea, roli la ukanda wa manganini hukaa kati ya maroli mawili ya shaba, na vyote vitatu huingia katika chumba kisicho na hewa ambamo mwale wa elektroni huyeyusha kingo zao kwa mshono mwembamba. Baada ya hapo presi hukata ukanda huo wa rangi mbili katika vipande, kila kimoja kikiwa na shaba huku, shaba kule, na manganini katikati. Mtazamaji huvutiwa na presi kwa kishindo chake, lakini mimi huuangalia mshono. Chini ya hadubini kipande cha leo kilionyesha mstari ulionyooka, usio na vishimo, wenye upana uleule juu na chini. Mshono ukipinda, urefu halisi wa manganini hubadilika kutoka kipande hadi kipande, na tofauti hiyo itakuja kusahihishwa baadaye kwa kukata chuma, ambako si usahihishaji ninaoupenda.

Saa 6:00 mchana

Upande wa rezista za utando nilipita haraka, kwa kuwa una msimamizi wake. Pale vijiti vya kauri ya alumina hupakwa utando mwembamba wa nikeli na kromi ndani ya mtambo usio na hewa, huokwa katika tanuri ili mwenendo wao wa joto ukae sawa, huvishwa vifuniko vya chuma kwenye ncha, kisha leza huchonga mfereji unaozunguka kijiti kama uzi wa parafujo, hivi kwamba mkondo unalazimika kusafiri njia ndefu na nyembamba na ukinzani kupanda maradufu mara nyingi. Kilichonisimamisha ni rangi ya kinga. Utando wa nikeli na kromi ukifikiwa na unyevu huku umebeba volti za upande mmoja huliwa polepole hadi mfereji ukakatika, kwa hiyo tundu dogo kwenye rangi, hata lisiloonekana kwa macho, ni kifo cha rezista nzima. Msimamizi alikuwa ametenga fungu lenye rangi iliyopasuka karibu na kifuniko, nami nilikubaliana naye kwamba lisiuzwe hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi.

Saa 8:00 mchana

Nilirudi kwenye shanti ya mteja, safari hii kuamua mahali pa kuchomekea nyaya mbili za kupimia volti. Rezista za chini ya miliohmi moja hupimwa kwa viungo vinne: viwili hupitisha mkondo mkubwa, na viwili husoma volti bila kubeba mkondo wa maana, ili ukinzani wa nyaya na skrubu usiingie kwenye hesabu. Mpangilio huu wengi wanaufahamu. Wasichokizingatia ni kwamba hivyo viungo viwili vya volti vikiwa mbali na mshono hata kwa milimita moja, shaba iliyo katikati tayari imeingia kwenye kipimo.

Hesabu yake inatisha kidogo. Milimita moja ya shaba yenye eneo la milimita mraba 20 ina takriban maikroohmi 0.86, pande mbili ni 1.7. Juu ya shanti ya maikroohmi 250 hiyo ni karibu asilimia 0.7, na kwa kuwa shaba hiyo hupanda sehemu 3,900 katika milioni kwa kila nyuzijoto, inaichangia shanti nzima sehemu 27 hivi. Yaani manganini iliyochaguliwa kwa uangalifu inaharibiwa na milimita mbili za shaba. Na kadiri thamani inavyopungua ndivyo shaba inavyotawala zaidi, kwa hiyo pendekezo langu la asubuhi lilikuwa limefanya kazi hii ya mchana kuwa ngumu maradufu. Niliisogeza sehemu ya kuchomekea hadi ikagusa mshono, nikachora mkato mwembamba kwenye shaba nyuma yake ili mkondo mkubwa usipite hapo, kisha nikaomba sampuli zichongwe kwa mkono.

Katika kupima, mkondo ulipitishwa upande mmoja, ukageuzwa, na wastani wa masomo mawili ukachukuliwa. Volti zinazotokana na joto la viungo hazigeuki pamoja na mkondo, kwa hiyo hufutika.

Saa 9:30 alasiri

Sampuli zilisoma kati ya maikroohmi 246 na 248. Nilitaka ziwe chini ya 250 kwa makusudi, kwani marekebisho yetu yote yana njia moja: ukikata chuma ukinzani hupanda, na hakuna wa kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Namna ya kukata ndiyo yenye ubishi kati yangu na baadhi ya wenzangu. Njia ya haraka ni kuchoma pengo moja la kina ukingoni mwa ukanda, ambalo hupandisha thamani kwa sekunde chache. Mimi huipinga kwenye shanti za mkondo mkubwa, kwa sababu mkondo hubanana kwenye ncha ya pengo, na pale panapobanana ndipo panapopata moto kuliko kwingine kote, jambo ambalo linaifanya ile hesabu ya nyuzijoto 30 isiwe na maana. Kamera ya joto iliuonyesha ukweli huo wazi: sampuli yenye pengo ilikuwa na doa jeupe ukingoni, ilhali ile iliyopunguzwa kidogo kidogo kwa urefu wote wa ukingo ilikuwa na mng’ao uliotulia katikati na kufifia kuelekea shaba. Njia ya pili inachukua muda zaidi kwa kila kipande. Niliiandika kwenye mchoro kama sharti.

Saa 11:00 jioni

Sampuli zilizosahihishwa ziliingia kwanza katika tanuri ya nyuzijoto 140, ambamo zitakaa saa 48 ili mikazo iliyoachwa na presi na kukata ilegee, la sivyo ingelegea yenyewe ndani ya kifaa cha mteja. Zikitoka zitapandishwa kwenye raki ya majaribio: hewa ya nyuzijoto 70, dakika 90 mkondo ukiwa umewashwa, dakika 30 ukiwa umezimwa, kwa jumla ya saa 1,000. Zitasomwa pia njiani, kwa kuwa shanti inayohama huanza kuonyesha dalili mapema.

Barua kwa mteja ilikuwa fupi. Nilimweleza kuwa miliohmi 0.5 kwa ampea 200 haiwezekani katika kifaa kilichofungwa, nikamwonyesha hesabu ya katikati ya ukanda, nikampa 0.25 pamoja na picha mbili za kamera ya joto, na nikamwomba athibitishe kama zile nyuzijoto 70 zilipimwa kwenye shaba yenyewe au hewani. Akijibu kuwa ni hewani, shaba yake itakuwa na moto zaidi ya huo, na hesabu yote itaanza upya. Akijibu kuwa ni kwenye shaba, fundi wa presi atahitaji kisu kipya, kwa kuwa ukanda wa manganini wa milimita 10.4 haumo miongoni mwa vipimo tunavyokata sasa.